Mjomba ataka nikate tenda ya madawati vipande vitatu kabla ya Juni 30

Mzee wetu wa ushauri,

Habari za kazi. Mimi ni afisa katika kitengo cha ununuzi cha wilaya moja huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Naomba usiitaje wilaya yangu wala jina langu, maana huku sote tunajuana.

Idara ya elimu ilipata pesa za madawati 540 kwa shule 9 za msingi. Pesa zenyewe zilikuwepo tangu robo ya pili ya mwaka wa fedha. Kitengo chetu kiliikumbusha idara ilete maombi, tukakumbusha tena, kimya. Sasa tumeingia Mei, ndipo faili limeletwa mezani kwangu, na limeletwa likiwa tayari limekatwa: maombi matatu, kila moja shule 3, madawati 180, ili kila moja lipite chini ya kiwango cha kotesheni, yaani kununua kwa kulinganisha bei za wachache bila zabuni ya wazi. Ukiyajumlisha hayo matatu, hiyo ni kazi ya zabuni ya wazi bila ubishi. Tena ndani ya kila ombi kotesheni tatu zimo tayari. Mzee, mimi sikuzitafuta, wala kitengo chetu hakikumwandikia mtu yeyote kuomba bei.

Nilizisoma jioni watu walipokwisha kuondoka. Zimetoka karakana tatu, kila moja na nembo yake, lakini zote zimekosea herufi ile ile katika neno lile lile, na namba za simu za karakana mbili zinapishana tarakimu moja tu ya mwisho.

Mkuu wa idara ya elimu ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Ndiye aliyenilipia karo kuanzia sekondari hadi chuo. Na karakana ambayo bei yake iko chini kidogo kuliko nyingine katika faili zote tatu ni ya mtoto wake mkubwa. Tumelelewa naye nyumba moja. Mjomba aliniita ofisini akafunga mlango, akaniambia, "Mwanangu, pesa hizi zikirudi Kampala watoto watakaa chini mwaka mwingine. Ndivyo unavyotaka?" Anataka muhtasari wa Kamati ya Mikataba uandikwe kana kwamba kamati ilikaa Machi, na anataka stoo isaini kwamba madawati yamepokelewa kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha unapokwisha. Anasema yatafika Julai, na eti hii ni dharura kwa sababu mpango wa serikali utakwama. CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, nadhani amesikia, ila hajasema neno.

Juzi mama amenipigia simu, akaniuliza kama nimesahau nilikotoka.

Nina watoto wawili na mshahara huu ndio unaowalisha. Nikikataa, watanihamisha? Watanifukuza? Na kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Nilizitembelea shule mbili kati ya hizo 9. Watoto wa P2, darasa la pili, wanaandika wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni. Je, sheria ya ununuzi ni kubwa kuliko watoto wale?

Niliyekwama,
West Nile

*

Mwanangu,

Usisaini hata moja kati ya maombi hayo matatu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu huenda unaisoma barua hii faili likiwa mbele yako na mtu akikusubiri mlangoni.

Sasa tuanze na watoto, maana swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na mjomba wako amelitumia vizuri. Kweli wako chini. Kweli pia kwamba pesa zitarudi: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inasema idhini ya matumizi iliyotolewa na Bunge inakoma mwaka wa fedha unapokwisha, na salio linarudi Mfuko Mkuu wa Hazina. Hofu yake si ya kubuni, na ofisi nyingi za wilaya hupitia joto hili kila Mei na Juni.

Lakini tazama anachokuomba. Stoo isaini leo kwamba imepokea madawati ambayo mbao zake hazijapasuliwa. Siku saini hiyo inapowekwa, mwenye karakana analipwa, na kuanzia hapo wilaya haina chochote mkononi cha kumbana. Akileta madawati 400 badala ya 540, karatasi zinasema yalifika yote. Akitumia msonobari mbichi ambao miguu yake italegea kabla ya muhula kwisha, karatasi zinasema yalikaguliwa Juni yakakutwa mazuri. Mwalimu mkuu atakayelalamika ataonyeshwa hati ya kupokelea mali, na hana la kujibu. Watoto wa P2 unaowahurumia ndio watakaobeba hasara hiyo. Anayetaka wapate madawati kweli hawezi kukubali mali ipokelewe kabla haijafika.

Kwa hiyo usikubali kuwekewa mizani ambayo upande mmoja una sheria na upande wa pili una watoto. Kipengele kile kinachodai mali ikaguliwe kabla haijalipwa ni cha watoto hao hao.

Kuhusu kukata tenda, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali za Umma ya 2003, ambayo imerekebishwa mwaka 2011 na 2021, inakataza wazi kugawa ununuzi kwa nia ya kukwepa njia inayostahili. Zingatia neno nia. Kugawa si kosa siku zote. Ukinunua madawati kwa mikataba kadhaa ili karakana ndogo za Koboko, Nebbi na Arua nazo zipate nafasi, hilo linawezekana, mradi mpango wa ununuzi ulisema hivyo tangu mwanzo na njia ikachaguliwa kwa thamani ya jumla. Hapa mpango haukusema hivyo. Maombi yote yameletwa siku moja, kwa bidhaa moja na kutoka idara moja, na mshindi ni yule yule katika yote matatu. Mkaguzi yeyote atayapanga mezani na kuiona nia kabla chai yake haijapoa.

Na hili la dharura. Mjomba wako anaijua sheria kidogo, kwa sababu ndani ya maelezo ya dharura kweli imo hali ya mpango wa serikali kucheleweshwa au kuharibika. Ila maelezo hayo hayo yanazungumzia hali isiyotokana na uzembe. Pesa zilikuwepo tangu robo ya pili. Kitengo chenu kilikumbusha. Idara ilikaa nazo. Huwezi kulala miezi mitano halafu ukaamka na kuita usingizi wako dharura. Kama zile barua au ujumbe wa kukumbusha ulikuwa wa maandishi, utafute leo, utoe nakala. Kama ulikuwa wa mdomo, andika sasa kumbukumbu ya lini na nani, iwekwe faili.

Hata hivyo kuna njia za haraka zilizo halali, na hapa ndipo wengi katika nafasi yako hukosea kwa kusema tu "haiwezekani" na kunyamaza. Sheria inaruhusu zabuni kwa wachache walioalikwa pale masharti yake yanapotimia na sababu ikaandikwa. Anayeamua ni Kamati ya Mikataba. Idara inayohitaji mali huleta hitaji, vipimo na makadirio ya bei. Afisa Masuuli, ambaye kwenu ni CAO, anathibitisha kwamba pesa zipo. Kitengo chenu kinaandaa na kupendekeza njia. Kamati ya Mikataba inaidhinisha njia, hati za zabuni na mshindi. Kamati ya tathmini inapima. Sheria inataka kila mmoja afanye sehemu yake bila kuingiliwa na mwingine, na imefanya hivyo kwa makusudi. Mjomba alipoleta kotesheni ndani ya ombi lake alifanya kazi yake, akafanya na ya kitengo chenu, na aliposema muhtasari uandikwe akafanya na ya kamati. Wewe rudisha kila kazi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi andika barua ya ndani, ipitie kwa mkuu wako wa kitengo, iende kwa mkuu wa idara ya elimu, nakala kwa CAO. Fupi, bila lawama. Maana yake iwe hii:

"Tumepokea maombi matatu ya madawati kwa shule 9. Kwa kuwa ni hitaji moja, tunaomba yaunganishwe kuwa ombi moja lenye thamani ya jumla, pamoja na vipimo. Tukilipokea wiki hii, tutalifikisha mbele ya Kamati ya Mikataba pamoja na pendekezo la njia inayofaa kwa muda uliobaki. Kotesheni zilizoambatishwa hazikuombwa na kitengo hiki, hivyo zinarudishwa."

Kabla ya kuzirudisha zile kotesheni, toa nakala za kurasa zote. Ile herufi iliyokosewa mara tatu na zile namba za simu usizitaje kwenye barua hii. Zina mahali pake, nitakuja huko.

Barua hiyo haimshtaki mtu. Inamwachia mjomba mlango wa kurudi nyuma kwa heshima, na inakutoa wewe katika giza la mazungumzo ya mlango uliofungwa. Maneno yaliyosemwa ofisini hayana shahidi. Karatasi yenye mhuri wa kupokelewa inaye.

Sasa kuna jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kwa ajili yako kuliko tenda yenyewe. Umesema mwenye karakana ni mtoto wa mjomba, mmelelewa nyumba moja. Mwanangu, hata kama maombi yangeletwa yakiwa safi, hata kama karakana ile ingekuwa bora kuliko zote za West Nile, wewe hupaswi kugusa faili ambalo ndugu yako ni mzabuni ndani yake. Kanuni za maadili ambazo nyinyi wa kitengo cha ununuzi mnazisaini zinakutaka utangaze uhusiano huo na ujitoe. Ukinyamaza, halafu kwa bahati mbaya tenda ikaenda kwake hata kwa halali, aliyeshindwa ataleta malalamiko kwa CAO, na asiporidhika ataenda kwenye Baraza la Rufaa la Ununuzi wa Umma, na jina lako ndilo litakalosomwa. Kwa hiyo siku ile ile ya barua ya kwanza, andika ya pili kwa CAO: kuna uwezekano karakana ya ndugu yangu wa karibu ikaomba kazi hii, naomba afisa mwingine aishughulikie. Mistari mitatu inatosha.

Hili litakusaidia pia nyumbani. Mama akipiga tena, huna haja ya kumweleza viwango na kamati. Mwambie sheria hainiruhusu kushika faili ambalo mtoto wa mjomba yumo, na nikilishika tutafungwa sote wawili, mimi na yeye. Ndivyo ilivyo. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe na mtoto wa kaka yake wanasukumwa kuelekea kesi moja.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2014 zaidi ya shilingi bilioni 24 zililipwa kama malipo ya awali ya barabara ya Mukono–Katosi–Nyenga kwa kampuni iliyojidai kuwa ya Marekani, juu ya dhamana za kughushi. Kesi ilipokwisha katika Mahakama ya Kupambana na Rushwa, waziri aliyeshtakiwa aliachiwa, na miongoni mwa waliotiwa hatiani walikuwemo maafisa wa hesabu. Sikuambii hivyo nikusemee jambo juu ya hukumu ile. Nataka uone nani hubaki na mzigo. Aliyetoa agizo kwa mdomo hana karatasi. Aliyesaini anayo. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inaweka hadi miaka 14 gerezani kwa mtumishi anayesababisha hasara ya fedha za umma, na kujitetea kwamba "mjomba aliniambia" hakumo ndani yake.

Ule muhtasari wa kikao cha Machi ambacho hakikufanyika nimeuweka mbali na mengine kwa sababu hauna njia ya kurekebishwa. Kukata tenda kunaweza kurudishwa nyuma leo kwa kuunganisha maombi. Kuandika kikao kisichokuwepo ni kughushi hati, basi. Wajumbe wa kamati wana vitabu vyao vya mahudhurio na posho zao za vikao, na mmoja wao siku hiyo ya Machi pengine alikuwa safarini au amelazwa. Ukiombwa tena, jibu ni hapana, na usilieleze kwa maneno mengi.

CAO kunyamaza hakumaanishi amekubali. Yeye ndiye Afisa Masuuli, anawajibika binafsi, na barua zako mbili zikimfikia atalazimika kusema. Kama ni mtu mwema, umempa sababu ya kuzuia jambo hili ambayo pengine alikuwa akiisubiri. Asipotaka kukusikia, mambo yakaendelea kwa mkono wa mtu mwingine, hapo ndipo nakala zako za kotesheni zina kazi. Mamlaka ya PPDA, inayosimamia ununuzi wa umma, ina ofisi ya kanda Gulu. Mkaguzi wa Serikali, IGG, ana ofisi Arua, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye ana tawi huko huko. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inakulinda ukipeleka habari kwa ofisi zilizotajwa ndani yake, na IGG ni mojawapo. Ulinzi huo unafuata mlango uliopitia. Ukianza kwa kutuma picha za karatasi kwenye kundi la WhatsApp la wilaya, umeuacha nyuma mwenyewe. Tafadhali usifanye hivyo hata ukiwa na hasira.

Umeuliza kama watakufukuza. Anayeajiri na kufukuza watumishi wa wilaya ni Tume ya Utumishi ya Wilaya. Si mkuu wa idara, si mwenyekiti wa LC5, yaani wa baraza la wilaya, wala si CAO peke yake. Kifungu cha 173 cha Katiba kinasema mtumishi wa umma hataonewa kwa kuwa ametimiza wajibu wake kwa uaminifu, wala hatafukuzwa bila sababu ya haki. Kukuhamishia dawati lingine wanaweza, sitakudanganya. Unaweza kujikuta tarafani miezi kadhaa, mbali na watoto wako, na hilo linauma. Lakini ni maumivu yenye mwisho, na faili lako la utumishi linabaki safi. Weka nakala za barua zako nyumbani, zile zenye mhuri wa kupokelewa, si ofisini.

Mjomba mwenyewe sitaki umpoteze. Mtu aliyemlipia mtoto wa dada yake karo miaka yote hiyo ana haki ya kuheshimiwa, na hujamkosea kwa kukataa hili. Nenda kwake nyumbani kabla barua haijamfikia ofisini, isimkute kwa mshtuko. Usiende peke yako kama mna mzee wa ukoo mnayemwamini wote wawili. Mwambie barua inakuja, na mwambie kwa nini. Muonyeshe kwamba akiunganisha maombi na kuyaleta wiki hii bado kuna nafasi, na kwamba kijana wake akitaka kazi aombe kama wengine, wewe ukiwa nje ya faili. Atakasirika. Mpe muda.

Na kama muda hautatosha, kwa sababu hilo nalo linawezekana, msibaki mkitazama pesa zikienda. CAO aiandikie Wizara ya Fedha mapema, kabla ya mwaka kwisha, aeleze sababu na aombe kiasi hicho kipangiwe tena mwaka ujao. Halmashauri hufanya hivyo. Haina uhakika wa kukubaliwa, lakini ombi lenye hati za zabuni zilizokamilika lina nguvu kuliko maelezo matupu. Kwa hiyo kazi ya wiki hizi haipotei hata zabuni isipofika mwisho.

Tumia siku hizo pia kuirudisha idara kwenye vipimo, maana katika barua yako yote sikuona mtu aliyeuliza dawati lenyewe litakuwaje. Mbao za mti gani, zikauke kiasi gani, miguu iungwe kwa bolti au misumari. Mtoto wa P2 hawezi kukalia dawati la P7, miguu inaning'inia na meza inamfika kidevuni. Katika madawati 540 yale, hitaji moja liseme wazi mangapi ni ya kimo cha chini na yanakwenda shule zipi. Wewe umezifika mbili kati yake. Kwa kuwa utakuwa umejitoa kwenye faili, mpe afisa atakayelipokea ulichokiona huko kwa maandishi, kisha walimu wakuu wa zile 7 zilizobaki waombwe nao walete idadi ya watoto kwa darasa kabla vipimo havijafungwa.